Mazoezi ya tiba nyumbani: je, simu inaweza kumsaidia kijana?

Safu hii imepokea barua nyingi kuhusu vijana walioagizwa na wataalamu wa fiziotherapia kufanya mazoezi nyumbani, ambao ama hawayafanyi au huyafanya kwa siku chache kisha wakayaacha. Safari hii nimechagua zile zinazouliza, kila moja kwa namna yake, kama programu za simu zinaweza kusaidia. Barua zimefupishwa, na majina ya waandishi pamoja na ya hospitali zao yameachwa kwa makusudi.

Habari za kazi, mtaalamu. Kijana wangu ana miaka 16. Aliumia goti akicheza mpira, na miezi mitatu iliyopita alifanyiwa upasuaji wa ligamenti ya mbele ya goti. Kliniki anakwenda mara moja kila wiki mbili. Alipewa karatasi yenye picha za mazoezi manane, na karatasi hiyo siioni tena. Nikimkumbusha ananuna, na nikinyamaza siku inapita hivi hivi, ilhali simu haimtoki mkononi. Jirani ameniambia kwamba zipo programu za simu za mazoezi ya wagonjwa. Nipakue ipi? Na je, sitakuwa nimemwongezea tu sababu ya kushinda kwenye simu?
*Mama, Moshi*

Mama, kijana wako si mkaidi kuliko wengine. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu wagonjwa wanaohitaji matibabu ya muda mrefu, na likaeleza kwamba hata katika nchi tajiri ni takribani nusu yao tu wanaofuata matibabu kama walivyoelekezwa. Na hapo, kwa sehemu kubwa, tunazungumzia kumeza dawa, kazi isiyozidi dakika moja. Mazoezi manane ya goti, kila moja likiwa na seti tatu, yanaweza kula karibu saa nzima ya kijana ambaye goti lake limekwisha kuacha kumuuma. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji ndio wenye mtego: uvimbe umeshuka, anapanda ngazi bila kuchechemea, wenzake wanampigia mluzi kutoka uwanjani, naye haoni kwa nini aendelee kuinua mguu sakafuni kama mgonjwa. Kumbe ligamenti iliyopandikizwa, yaani kamba inayoshikanisha mifupa ya goti, bado haijakomaa, na misuli ya mbele ya paja, ambayo hunyauka upesi baada ya upasuaji wa goti, bado haijarudi.

Jambo hili lielezwe kwake, si kwako peke yako. Utafiti uliofanywa kwa pamoja Delaware, Marekani, na Oslo, Norway, na kuchapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia kwa miaka miwili watu waliofanyiwa upasuaji huu ambao walikuwa wakicheza michezo ya kugeuka ghafla kama mpira wa miguu. Ulionyesha kwamba kila mwezi ambao mchezaji aliahirisha kurudi mchezoni, hadi kufikia mwezi wa tisa baada ya upasuaji, ulipunguza kiwango cha kuumia tena kwa takribani nusu. Aidha, wale ambao nguvu ya paja la mguu uliofanyiwa upasuaji ilikaribiana na ya mguu mzima waliumia kwa nadra zaidi. Kijana wa miaka 16 anayetamani uwanja huelewa hesabu hiyo kuliko maneno ya jumla kwamba mazoezi ni muhimu.

Sasa nije kwenye simu. Programu zilizotengenezwa kwa ajili ya kazi hii, mojawapo inayojulikana sana ikiwa Physitrack, zina pande mbili. Mtaalamu huchagua mazoezi kutoka katika hazina ya video, huweka idadi ya marudio na siku, kisha humpa mgonjwa namba ya kufungulia. Mgonjwa hutazama video, hufanya zoezi, huweka alama kwamba amefanya, na hueleza maumivu yake kwa kipimo cha 0 hadi 10. Mtaalamu naye huyaona hayo akiwa kliniki na anaweza kubadilisha zoezi bila kungoja wiki mbili zipite. Karatasi haiwezi kufanya hivyo. Iliyochorwa wiki ya kwanza hubaki ya wiki ya kwanza hata goti likiwa limekwisha kusonga mbele, na kijana anapochoka kurudia zoezi lililokuwa rahisi kwake tangu zamani, huwa ana haki ya kuchoka.

Kuhusu kama programu hizo zinafanya kazi, mwaka 2017 jarida la *Journal of Physiotherapy* lilichapisha utafiti wa Australia ulioshirikisha watu 80 wenye matatizo ya mikono au miguu. Nusu walipewa programu ya simu pamoja na ufuatiliaji wa mbali, yaani simu na ujumbe mfupi kutoka kwa wahudumu, na nusu walipewa karatasi. Baada ya wiki nne, waliotumia programu walikuwa wamefuata mazoezi vizuri zaidi kwa takribani pointi 1.3 katika kipimo cha 0 hadi 10. Ni tofauti ya kweli, ingawa si kubwa. Nakuomba uzingatie mambo mawili kabla ya kufurahi. Utafiti huo ulihusu watu wazima, si wanafunzi wa sekondari. Na walichopewa hakikuwa programu tupu, bali programu yenye mtu nyuma yake anayepiga simu kuuliza umefika wapi. Kwa maoni yangu mtu huyo ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi. Programu isiyosomwa na mtu yeyote upande wa pili hugeuka karatasi nyingine, tofauti yake ikiwa tu kwamba hii inakula bando.

Kwa hiyo usipakue chochote kwanza. Nenda na kijana kliniki mkamuulize mtaalamu kama ana programu anayoitumia yeye mwenyewe na atakayoifungua kusoma kumbukumbu za mwanao. Kama hana, WhatsApp mliyo nayo inatosha: mtaalamu amrekodi kijana akifanya kila zoezi kwa usahihi, na kijana amtumie ripoti fupi kila Jumapili. Mwombeni pia apunguze idadi. Mazoezi matatu au manne yaliyochaguliwa vizuri, yanayobadilika kila baada ya wiki chache, yana nafasi kubwa zaidi ya kufanyika kuliko manane yanayotisha yakitazamwa tu.

Kengele ya simu aiweke yeye, kwa saa anayoitaka yeye, hata kama wewe unaona saa nyingine ingefaa zaidi. Vijana wengi huweza kuambatanisha mazoezi na jambo ambalo tayari hulifanya kila siku, kama vile kabla ya kuoga jioni, na hilo hudumu kuliko kengele inayolia katikati ya mazungumzo na marafiki. Kisha wewe, mama, jitoe katika kazi ya kukumbusha. Najua ni vigumu, hasa kwa mzazi aliyelipia upasuaji na kulala kwenye benchi la wodi, lakini kijana akikumbushwa na simu aliyoitegesha mwenyewe hana mtu wa kununa naye. Wewe muulize mara moja kwa wiki, na swali lako liwe kuhusu goti, si kuhusu utii: limefika wapi kukunja, anaweza kuchuchumaa kiasi gani, mtaalamu amepima nguvu ngapi ukilinganisha na mguu mwingine. Vipimo hivyo vikiwekwa kwenye simu yake wiki hadi wiki, atakuwa anaona njia ya kurudi uwanjani ikifupika.

Kuhusu muda wa simu, dakika 20 za mazoezi si tatizo. Tatizo ni kwamba anaifungua ili atazame zoezi na kujikuta anatazama mabao. Azime arifa nyingine zote kwa muda huo, au aihifadhi video ndani ya simu na kuzima data kabisa.

Shikamoo mama. Nina miaka 15 na uti wangu wa mgongo umepinda. Mtaalamu wangu aliniwekea programu ya simu ambayo hunipa nyota nikimaliza mazoezi na kuhesabu siku nilizofululiza. Nilifululiza vizuri mpaka tukaenda arusini Lamu. Nikakosa, na hesabu ikarudi sifuri. Tangu hapo sina hamu. Na kusema kweli, siku nyingine nabonyeza kwamba nimemaliza na sijafanya chochote, ili mama asiniulize. Je, niiondoe?
*Msichana, Mombasa*

Marahaba, mwanangu. Nimeipenda barua yako kwa sababu umeandika jambo ambalo wengi wa rika lako hulifanya na wachache hulisema.

Nyota na hesabu za siku hazikuwekwa hapo kwa bahati. Watengenezaji wameziazima kutoka katika michezo ya simu, na kwa wiki za mwanzo husaidia kweli, kwa kuwa jambo geni hupata kitu cha kulisukuma. Udhaifu wake ulikwisha kuonekana zamani, kabla hata simu hizi hazijakuwapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani Edward Deci aliwapa wanafunzi mafumbo ya kupanga vipande. Wale waliolipwa kwa kuyatatua walipunguza hamu ya kuyachezea malipo yalipokoma, kuliko wale ambao hawakuwahi kulipwa. Hesabu yako iliporudi sifuri, kilichokoma ni malipo. Mgongo wako haukurudi sifuri. Mazoezi uliyoyafanya kabla ya arusi bado yamo mwilini, na siku chache za pilau na ngoma ya vugo hazikuyafuta.

Kama programu inaruhusu, zima hesabu ya kufululiza. Hesabu kwa wiki badala yake, na idadi ya siku zinazotosha mkubaliane na mtaalamu wako. Ikiwa amesema siku tano kati ya saba, basi siku mbili za kukosa zimo ndani ya mpango tangu mwanzo na hazihitaji maelezo kwa mtu yeyote.

Kitufe cha kumaliza ndicho kinachonitia wasiwasi, na si kwa sababu ya adabu. Mtaalamu wako hutumia kumbukumbu hizo kufanya uamuzi. Akiona kwamba umefanya kila siku na picha ya eksirei inayofuata ikaonyesha kwamba mpindo umeongezeka, atahitimisha kwamba mazoezi yameshindwa, na daktari anaweza kukupeleka kwenye hatua nzito zaidi, ilhali ukweli ni kwamba mazoezi hayakujaribiwa. Siku iliyoandikwa kwamba hukufanya, pamoja na sababu yake, ina faida kwake kuliko nyota kumi zisizo za kweli. Mtumie ujumbe umwambie kwamba kumbukumbu za wiki zilizopita si sahihi zote na kwamba ungependa kuanza upya. Huna haja ya kueleza zaidi ya hapo. Na mama yako mwombe kwamba habari za mazoezi azipate kutoka kwa mtaalamu siku za kliniki, si kwako kila jioni. Mzazi akikubali hilo, sababu ya kubonyeza uongo nayo huondoka.

Ningependa pia ujue habari za Katharina Schroth. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1894, naye mgongo wake ulikuwa umepinda. Hakungoja aletewe tiba: alijitazama kwenye kioo, akajifunza kupeleka pumzi upande wa kifua uliobonyea, na katika miaka ya 1920 akaanza kuwafundisha wengine. Mazoezi yanayobeba jina lake yanafundishwa hadi leo katika nchi nyingi, na inawezekana baadhi ya yale unayofanya yametoka huko. Kioo chake kina somo kwa wenye simu. Video hukuonyesha mtu mwingine akifanya sawasawa, lakini haikuonyeshi wewe ukikosea, na katika mgongo uliopinda kosa la digrii chache hugeuza zoezi kuwa jingine. Fanya mazoezi yako mbele ya kioo kirefu, na simu iwe pembeni.

Mwisho, kwa kuwa bado unarefuka, usikose miadi ya eksirei hata kama mgongo hauumi. Mpindo huweza kuongezeka haraka katika miezi ya kukua kwa kasi, na programu haina njia ya kuuona.

Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat, na mpwa wangu wa miaka 13 yuko Unguja kwa dada yangu. Huu ni mwezi wa pili analalamikia goti, na akitembea anachechemea kidogo. Nimemlipia programu nzuri ya mazoezi ya goti, yenye video na mwalimu wa Kiingereza. Anasema maumivu yako pale pale. Nimwongezee siku za mazoezi, au nimtafutie programu nyingine?
*Mjomba, Muscat*

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Asimamishe mazoezi yote leo, na apelekwe hospitali wiki hii hii. Kama wako mjini, Mnazi Mmoja haiko mbali.

Nasema kwa haraka hivyo kwa sababu katika barua yako sioni mahali ambapo daktari amemwona. Mtoto wa miaka 13 mwenye maumivu ya goti na anayechechemea anaweza kuwa na tatizo ambalo haliko gotini kabisa. Katika umri wa kati ya miaka 10 na 16, hasa kwa wavulana na kwa watoto wenye uzito mkubwa, kichwa cha mfupa wa paja huweza kuteleza taratibu kutoka mahali pake kwenye nyonga, kwa kuwa sehemu ya mfupa inayokua bado ni laini. Nyonga na goti hushiriki neva, ndiyo maana mtoto hushika goti akisema linauma hapa, na hata baadhi ya wahudumu hupiga eksirei ya goti, huiona safi, na kumrudisha nyumbani na dawa ya maumivu. Dalili moja ambayo dada yako anaweza kuitazama ni mguu kuelekea nje mtoto anaposimama au kutembea. Lakini asingoje dalili hiyo. Aombe daktari apime nyonga na kupiga eksirei ya nyonga zote mbili, kwa mbele na kwa ubavu. Tatizo hilo likionekana, mtoto haruhusiwi kukanyagia mguu, na hutibiwa kwa upasuaji wa kuweka skrubu. Likicheleweshwa, mfupa huweza kuteleza zaidi na kukosa damu, na hapo nyonga ya mtoto huharibika kwa maisha yote.

Inawezekana sana, na ninaomba iwe hivyo, kwamba ni jambo dogo. Wavulana wanaokua na kucheza sana hupata uvimbe wenye maumivu kwenye kinundu cha mfupa chini ya pia ya goti. Ni hali iliyoelezwa na Robert Osgood na Carl Schlatter, kila mmoja kwa wakati wake, mwaka 1903. Hiyo hupoa kwa kupunguza kuruka na kukimbia kwa muda. Hata hivyo, mazoezi mazito ya paja yaliyopangwa kwa goti la mtu mzima yanaweza kuizidisha, kwa kuwa msuli wa paja ndio unaovuta kinundu hicho.

Programu uliyolipia huenda ni nzuri kwa aliyekusudiwa. Programu za namna hii huanza kazi pale daktari anapoishia. Huchukulia kwamba ugonjwa umekwisha kujulikana. Kijana mwenye maumivu yanayomwamsha usiku, homa, uvimbe usioelezeka, ganzi, kupungua uzito au kuchechemea hatakiwi kuanzia kwenye simu. Fedha za mwezi ujao za usajili zigeuze nauli na gharama za eksirei.

Mtaalamu, binti yangu yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni. Ana mtindio wa ubongo wa kiasi kidogo, anatembea vizuri isipokuwa misuli ya nyuma ya mguu wa kulia inakaza. Akiwa nyumbani anafuata programu ya simu kwa bidii. Shuleni simu ni marufuku, na kila akirudi likizo tunaukuta mguu umekaza upya. Nifanyeje?
*Baba, Nakuru*

Baba, usipigane na shule kuhusu simu. Shule nyingi za sekondari, Kenya na Tanzania, hazitalegeza kanuni hiyo, na binti akiwa peke yake mwenye simu bwenini atapata taabu nyingine. Itumieni simu wakati wa likizo kwa kazi mbili: kumfundisha mazoezi mpaka ayajue bila kutazama, na kumwonyesha mtaalamu maendeleo yake. Kwa muhula, chapisheni picha za mazoezi hayo hayo kutoka kwenye programu, ukurasa mmoja tu, zibandikwe ndani ya mlango wa kabati lake.

Kinachohitajika shuleni ni ruhusa na mahali. Mtaalamu aandike barua fupi kwa mwalimu mkuu, nakala kwa muuguzi wa shule na msimamizi wa bweni, ikieleza kwamba katika umri huu mifupa hurefuka haraka kuliko misuli iliyokaza inavyoweza kufuata, na kwamba kuvuta misuli kila siku ni sehemu ya matibabu, si hiari. Zoezi la kuvuta misuli ya nyuma ya mguu kwa kuegemea ukuta halihitaji chumba. Linaweza kufanyika kabla ya masomo ya jioni, na kama ana kibao cha mteremko cha kusimamia, anaweza kusoma akiwa juu yake. Muulizeni pia mtaalamu kuhusu kifaa cha kuvaa mguuni usiku, kwa sababu hicho hufanya kazi yeye akiwa amelala na hakidai kukumbukwa mchana. Aweke daftari dogo la alama, na siku za mapumziko ya katikati ya muhula alihamishie kwenye programu. Hatajaza kila siku, na haina neno.

Mjukuu wangu wa miaka 14 alivunjika kiwiko, plasta imetolewa na mkono haunyooki. Hatuna simu janja, tuna kitochi. Je, tumekosa msaada huu? Majirani wanashauri akakandwe.
*Bibi, Singida*

Hamjakosa kitu, bibi. Kitochi kina kengele; itegesheni mara tatu kwa siku, na kila ikilia mtoto akunje na kunyoosha mkono yeye mwenyewe kama alivyoonyeshwa hospitali. Mwombe mtaalamu namba ya simu na kibali cha kumpigia mara moja kwa wiki.

Asikandwe, na mtu yeyote asiuvute mkono huo kwa nguvu. Kiwiko kinachotoka kwenye mvunjiko kikilazimishwa huweza kuota mfupa ndani ya msuli, na hapo ugumu ambao ungeisha kwa miezi hubaki moja kwa moja.

Mimi ni fiziotherapisti katika hospitali ya wilaya. Sina bajeti ya programu za kulipia, lakini vijana wengi ninaowahudumia wana WhatsApp. Nataka kuwaunganisha kwenye kundi moja ili wahamasishane, na wawe wananitumia video zao wakifanya mazoezi. Unashauri nini?
*Mtaalamu mwenzako, Kigoma*

Mwenzangu, video naziunga mkono, kundi siliungi.

Anza kwa kumrekodi kijana kliniki, kwa simu yake mwenyewe, ukimwelekeza kwa sauti yako na kwa Kiswahili chake. Sekunde 30 kwa zoezi moja zinatosha. Video hiyo haihitaji bando kuitazama, na ina kitu ambacho hazina kubwa za video za kulipia haziwezi kuwa nacho: mwili wake mwenyewe, katika siku aliyofanya sawasawa. Nimewaona vijana ambao hawakuwahi kutazama video ya mwalimu wa kigeni mara mbili wakiitazama yao tena na tena, japo kwa kujicheka. Yeye naye akutumie video moja kwa wiki ya zoezi utakalolichagua wewe, na umjibu ndani ya siku mbili hata kwa sentensi moja. Kama hutaweza kujibu, usiombe video. Kijana anayetuma mara tatu bila kujibiwa huacha kutuma, na haichukui muda kabla hajaacha na mazoezi yenyewe.

Kundi lina ugumu wake. Kijana anayejiunga huonyesha namba yake na ugonjwa wake kwa watu asiowajua, na kwa binti wa miaka 15 anayefanya mazoezi ya nyonga, picha moja ikihamishwa na mkono usio mwema haitarudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ya Tanzania inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, kama ilivyo pia katika sheria ya Kenya ya mwaka 2019, na wagonjwa wako ni watoto. Pata idhini ya maandishi ya mzazi, lakini mwulize na kijana mwenyewe akiwa peke yake, kwa sababu wapo wanaokubali mbele ya mzazi ilhali hawataki. Mwelekeze avae nguo za michezo, arekodi kutoka ubavuni, uso usionekane pale usipohitajika. Usitumie simu ambayo watoto wako nyumbani huichezea, na uzime mpangilio unaohifadhi picha za WhatsApp kwenye albamu ya simu.

Ukitaka wahamasishane, wapange siku moja ya kliniki kwa vijana wa rika moja wenye matatizo yanayofanana, wakutane ana kwa ana ukumbini. Wanaotaka kubadilishana namba watabadilishana wenyewe. Video walizokutumia zifute mara tu unapokwisha kuandika ulichokiona kwenye faili, na siku kijana anaporuhusiwa kuacha kliniki, fungua mazungumzo yenu mbele yake uhakikishe hakuna iliyobaki.